Gari lililofunzwa na matope ya Kenya lawanufaisha wengine

MVUA za masika zinapoanza kunyesha katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, mkulima wa Roret huwa na hesabu mbili kichwani: kilo alizochuma, na iwapo lori litafika. Majanichai mabichi hayangoji. Yakikaa kwenye gunia saa nyingi hupata joto, hubadilika rangi, na ubora wake hushuka kabla ya kufika kiwandani. Lori likizama katika udongo mwekundu, vijana huitwa kulisukuma, matawi hukatwa na kutiwa chini ya magurudumu, na utingo hushuka na jembe. Mara nyingine lori hutoka. Mara nyingine jua hutua likiwa pale pale.

Barabara za namna hiyo, ambazo kwa mkulima wa Bureti ni hasara ya kila msimu, ziliwahi kuwa chuo kwa baadhi ya viwanda vikubwa zaidi vya magari duniani. Kwa miaka mingi wahandisi kutoka Ujerumani, Japani, Ufaransa na Uingereza walisafiri hadi Afrika Mashariki wakati wa Pasaka kuja kuona ni kipi kitavunjika kwanza katika magari yao. Walichojifunza walikwenda nacho.

Mjadala kuhusu faida ya mbio za Safari Rally kwa Mkenya wa kawaida umekuwa ukizuka kila mwaka tangu mashindano hayo yaliporejeshwa katika ratiba ya dunia mwaka 2021. Wanaoyatetea hutaja hoteli za Naivasha zinazojaa na picha za nchi zinazoonekana kote ulimwenguni. Wanaoyapinga huuliza kwa nini serikali itumie fedha za umma kwa mchezo wa wachache ilhali barabara za vijijini hazipitiki. Pande zote mbili huizungumzia Safari kama tamasha. Ni nadra kusikia ikizungumziwa kama maabara, na hapo ndipo penye hesabu kubwa zaidi. Kisa cha Porsche 911, gari la michezo linalojulikana pengine kuliko yote, kinaonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyokwenda.

Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt mwaka 1963 likiitwa 901. Peugeot ya Ufaransa ililalamika kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yake, na mwaka 1964 Porsche ikabadilisha jina kuwa 911. Injini yake ilikuwa ya silinda sita zilizolala chali, tatu kila upande, ikipozwa kwa hewa badala ya maji. Ilikuwa na ukubwa wa lita mbili na nguvu za farasi 130. Jambo lililowashangaza wengi ni mahali ilipowekwa: nyuma kabisa, hata nyuma ya ekseli ya magurudumu yanayosukuma gari.

Mpangilio huo ulikuwa na dhara lake. Dereva akiingia kona kwa kasi kisha akaondoa mguu ghafla kwenye mafuta, mkia wa gari hutaka kutangulia mbele. Mwaka 1968 kiwanda kilisogeza magurudumu ya nyuma kwa milimita 57 ili kulituliza. Hata hivyo, dosari ya lami ni tunu ya tope. Uzito wa injini ukiyakandamiza magurudumu yanayosukuma, gari hupata mshiko mahali ambapo mengine huzungusha magurudumu bure. Tena injini isiyo na maji haina radieta ya kutobolewa na jiwe. Kwa yeyote anayezifahamu njia za nyanda za juu za Bonde la Ufa wakati wa masika, hizo ni sifa mbili zisizodharaulika.

Udhaifu wake mkuu ulikuwa kimo. Lilibuniwa kwa ajili ya barabara za Ulaya, na tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi. Lakini badala ya springi za kawaida lilitumia fimbo za chuma zinazojisokota, na fimbo za aina hiyo zinaweza kurekebishwa ili gari liinuke. Bila ya jambo hilo dogo la ufundi, pengine historia yake katika Afrika Mashariki isingalikuwepo.

Shule ya Pasaka

Safari ilianza Mei 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwaka 1960 ikaitwa East African Safari, na mwaka 1974 ikawa Safari Rally. Katika kilele chake ilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 5,000 kupitia Kenya, Uganda na Tanzania. Barabara hazikufungwa. Dereva wa mashindano alikutana na mabasi, ng'ombe, matrekta na watu waliotoka kanisani. Hakukuwa na haja ya kumtafutia mwendo wa hatari. Alipewa muda wa kufika kituo fulani, na kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa kama adhabu.

Mwaka 1963 ni magari saba pekee yaliyomaliza mbio hizo. Mwaka 1968, katika mvua kubwa, yalimaliza saba tena. Katika miaka yote miwili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki na mwelekezi wake Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404, gari la familia lenye milango minne. Habari hiyo ilifika Ulaya na Japani ikiwa na maana moja: kasi peke yake haifui dafu Afrika Mashariki.

Porsche ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Mwaka 1972, dereva wa Poland Sobiesław Zasada alimaliza wa pili akiwa na 911, nyuma ya Hannu Mikkola wa Finland aliyeendesha Ford Escort. Mikkola na mwelekezi wake Gunnar Palm ndio waliokuwa wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda Safari. Kabla ya hapo wakazi wa Afrika Mashariki walikuwa hawajakubali kushindwa nyumbani.

Ndipo ukaja mwaka 1974. Porsche ililetwa na Björn Waldegård wa Sweden, mmoja wa madereva mahiri wa enzi hiyo, akiwa na 911 aina ya Carrera yenye injini ya lita 2.7. Mvua ilinyesha vibaya. Dhidi yake alikuwepo Joginder Singh, akiwa na Mitsubishi Colt Lancer yenye injini ya lita 1.6, gari ambalo watu wengi hapa nchini walikuwa hata hawajalisikia. Joginder akashinda. Waldegård akawa wa pili.

Wasomaji wa nyanda za chai wana sababu ya kulikumbuka jina hilo. Joginder Singh alizaliwa Kericho mnamo Februari 1932. Alianza maisha ya kazi akiwa fundi wa magari, na ufundi huo ndio uliomtofautisha na madereva waliojua usukani tu. Mwaka 1965 alikuwa ameshinda Safari pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari ambalo wengine walikuwa wamelichoka. Mwaka 1976 alishinda kwa mara ya tatu, na siku hiyo magari ya Lancer yalishika nafasi tatu za kwanza. Kati ya Safari 22 alizoshiriki, alimaliza 19. Katika mashindano ambayo mara mbili yaliacha magari saba tu barabarani, takwimu hiyo inasema mengi kuliko idadi ya vikombe.

Joginder alilisikiliza gari. Alijua ni lini alipunguzie mwendo ili springi zisivunjike, na ni kipi kinaweza kufungwa kwa waya hadi kituo kinachofuata. Ni maarifa ambayo hadi leo mafundi wa Litein, Kapkatet na Sotik wanayo, ingawa hakuna anayewaandikia katika vitabu vya historia ya magari.

Sentimita 28

Mwaka 1978 Porsche ilirudi na nia ya kumaliza ubishi. Ilileta magari mawili ya 911 SC, yenye injini za lita 3.0 na nguvu za farasi zipatazo 250. Tofauti kubwa haikuwa kwenye injini bali kwenye kimo: tumbo la gari liliinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini. Bodi iliimarishwa, bamba nene likawekwa chini kuikinga injini na mawe, na mbele kukafungwa vyuma vya kuzuia wanyama. Yalipakwa rangi za mdhamini wao, Martini.

Moja lilipewa Waldegård. La pili lilipewa Vic Preston Junior, dereva wa Kenya, na mwelekezi wake John Lyall. Waldegård, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameshinda Safari kwa gari la Ford, safari hii alimaliza wa nne. Preston alimaliza wa pili. Mshindi alikuwa Mfaransa Jean-Pierre Nicolas katika Peugeot 504 yenye milango miwili. Kwa mara ya tatu katika miaka saba, Porsche iliondoka Nairobi ikiwa ya pili.

Kiwanda hakikuwahi kushinda Safari. Lakini kushindwa huko hakukupotea bure, kwa sababu gari lililotoka Kenya mwaka 1978 halikuwa lile lililoingia miaka ya mwanzo. Lilikuwa limethibitisha kwamba gari la michezo linaweza kuinuliwa, likavishwa ngao na kupelekwa mahali ambapo wengi waliamini ni pa Land Rover pekee. Mwaka 1984 Porsche ilishinda mbio za Paris hadi Dakar kwa gari lililotokana na 911, safari hii likisukumwa na magurudumu yote manne, dereva akiwa René Metge.

Novemba 2022 kampuni hiyo ilizindua 911 Dakar, gari la kuuzwa kwa umma lenye kimo kilichoongezwa kwa ajili ya mchanga na changarawe, na ikatangaza kuwa yangetengenezwa 2,500 tu. Jina lililochaguliwa ni la mahali iliposhinda, si la mahali ilipofundishwa. Ni haki ya mwenye duka kuchagua jina la bidhaa yake. Hata hivyo mitaani huko Marekani na Ulaya, matajiri wanaoinua 911 zao za zamani na kuzifunga taa nne mbele huziita kwa jina moja: Safari. Neno la Kiswahili limekuwa mtindo wa gari ambalo Mswahili wa kawaida hataligusa.

Mjapani alisoma haraka zaidi

Kama Porsche ilikuwa mwanafunzi mwenye kipaji aliyekosa cheti, Nissan ilikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Kampuni hiyo, ikitumia jina la Datsun, ilianza kushiriki Safari mwaka 1963 na magari ya Bluebird. Haikupata kitu mwaka huo. Iliendelea kurudi kila Pasaka, ikaandika kila kilichovunjika, na mwaka 1966 ikashinda katika daraja lake. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller, wakazi wa Kenya wenye asili ya Ujerumani, wakaipa ushindi wa jumla kwa gari la Bluebird.

Mwaka uliofuata Nissan ilileta gari la michezo. Datsun 240Z lilikuwa limezinduliwa Oktoba 1969, likiwa na injini ya silinda sita yenye lita 2.4, na lilikusudiwa hasa soko la Marekani, ambako mkuu wa kampuni, Yutaka Katayama, alitaka gari zuri ambalo mtu wa kipato cha kati angelimudu. Halikubuniwa kwa ajili ya Afrika. Lakini lilipoletwa, Herrmann na Schüller walishinda tena mwaka 1971, na nafasi ya pili ikachukuliwa na 240Z la Shekhar Mehta.

Ushindi wa 1973 ndio uliokuwa wa ajabu zaidi. Mehta, aliyezaliwa Kampala katika familia iliyolazimika kuondoka Uganda Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alifungana kwa alama na mwenzake wa Datsun, Harry Källström wa Sweden. Ushindi ulikwenda kwa Mehta na mwelekezi wake Lofty Drews kwa kigezo cha nani aliyekwenda mbali zaidi bila ya kupata adhabu. Mehta baadaye alishinda miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na kufanya jumla ya mara tano. Alifariki mwaka 2006.

Japani iliuelewa mapema uzito wa mambo hayo. Mwaka 1969 ilitengenezwa huko filamu kuhusu timu ya Nissan katika Safari, akiigiza nyota mkubwa wa wakati huo, Yujiro Ishihara. Ni vigumu kutaja filamu ya Kenya ya uzito huo kuhusu mashindano ya Kenya.

Baada ya filamu na vikombe yakaja mauzo. Pikapu za Datsun zikaenea katika masoko ya Kericho, Kisii na Meru. Mnunuzi hakuhitaji kusoma takwimu za kiwanda. Alikuwa amesimama kando ya barabara siku ya Pasaka na kujionea mwenyewe.

Faida iliyokuja ikapita

Mgala muue na haki umpe: si kweli kwamba Kenya haikupata chochote. Peugeot 504, iliyoshinda Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson na kisha 1978 mikononi mwa Nicolas, iliunganishwa hapa hapa nchini. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilisukuma kuanzishwa kwa viwanda vya kuunganisha magari, na vikajengwa vitatu: Thika, Nairobi na Mombasa. Kwa kizazi kizima, abiria wa kutoka Kericho kwenda Nakuru au Kisumu alijua kwamba "Peugeot" ni jina la usafiri wenyewe, gari la safu tatu za viti linaloondoka likijaa. Sifa ilipatikana kwenye mbio, kazi ikapatikana kiwandani, na vipuri vikapatikana dukani. Huo ndio mfano wa karibu zaidi wa Safari kumlipa Mkenya.

Mfano huo haukudumu. Miaka ya 1990 uchumi ulipofunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yaliingia kwa wingi na kwa bei ambayo viwanda vya ndani havikuweza kushindana nayo. Mtu asimlaumu mnunuzi. Mwalimu wa shule ya msingi au mkulima wa chai aliyekuwa akitembea kwa miguu alipata gari kwa mara ya kwanza. Lakini kuanzia hapo uhusiano kati ya barabara ya Kenya na mbunifu wa gari ulikatika. Gari la mtumba hubuniwa kwa ajili ya mtumiaji wa Japani, likatumika kwake miaka saba, ndipo likaletwa. Hakuna mhandisi anayekuja kuuliza lilivunjikia wapi.

Majaribio ya kujitengenezea yalikuwepo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, hata kama lingekuwa baya kwa sura na la mwendo wa pole. Yalitokea magari matano ya Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa kwa umma mwaka 1990 Kasarani, na kampuni ikaundwa ya kuyatengeneza kwa wingi. Fedha hazikupatikana. Kampuni iligeuzwa kuwa karakana ya kutengeneza vipuri na vyuma. Wengi huyataja magari hayo kwa kejeli, na kejeli hiyo si ya haki: wabunifu walifikisha kazi yao hadi gari likaendeshwa. Walioshindwa ni wale waliopaswa kutafuta mtaji na soko.

Mobius lilikuja na wazo lililomhusu mkulima wa Roret moja kwa moja. Kampuni hiyo ilianzishwa nchini na Mwingereza Joel Jackson kwa nia ya kutengeneza gari rahisi, lenye kimo kikubwa na lisilo na mapambo, kwa ajili ya barabara mbaya za vijijini. Gari lake la kwanza la kuuzwa lilikuwa tayari kufikia mwaka 2014. Wazo lilikuwa sahihi, lakini bei haikuweza kushindana na ya mtumba. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kuwa ingefilisiwa kwa hiari kutokana na mzigo wa madeni na kodi, kisha muda mfupi baadaye ikasema imepata mnunuzi.

Kuna sehemu moja ambayo haikuzama. Malori ya Isuzu, ambayo ni mengi katika njia za chai, huunganishwa Nairobi. Kwa hiyo huenda lori linalosukumwa na vijana kutoka kwenye tope la Bureti ni bidhaa ya mikono ya Kenya kwa kiasi fulani, ilhali gari dogo linalolipita ukingoni ni la mtumba kutoka ng'ambo. Sera ya magari nchini ingeanzia hapo kama ingekuwa inaandikwa na watu wa mashambani.

Magari ya zamani yarudi kwa muda

Tangu mwaka 2003, yamekuwepo mashindano mengine yanayoitwa East African Safari Classic, yanayotumia magari ya enzi ile. Humo Porsche imepata kilichoikwepa. Waldegård mwenyewe, yule wa 1974 na 1978, alishinda mwaka 2011 akiwa na 911, mwelekezi wake akiwa mwanawe Mathias. Mwaka 2015 Stig Blomqvist, Msweden mwingine, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Magari mengi ya mashindano haya huandaliwa katika karakana za Uingereza, huletwa kwa meli hadi Mombasa, hukimbizwa siku kadhaa na kisha kurejeshwa.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa na wanaotunga sheria. Mkenya wa kawaida haruhusiwi kuagiza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Kanuni hiyo ina sababu nzuri. Bila ya hiyo, nchi ingegeuka jaa la vyuma chakavu vya dunia. Lakini athari yake moja ni kwamba biashara ya kukarabati magari ya kale, ambayo katika Ulaya ni kazi ya maelfu ya mafundi, haiwezi kukua hapa. Yaliyobaki nchini, 504 na Datsun zilizofunikwa na mabati nyuma ya nyumba, hununuliwa kama vipuri au kukatwa na kuuzwa kwa kilo. Fundi wa Kericho anayeweza kuifufua injini ya Datsun kwa kuisikiliza tu hana mteja wa kumlipa inavyostahili.

Serikali ingeweza kuweka dirisha dogo katika kanuni hiyo: magari ya zaidi ya miaka 30, kwa idadi maalumu, kwa sharti kwamba ukarabati ufanywe nchini na mafundi waliosajiliwa. Haingeharibu soko la magari mapya wala la mitumba, na ingeufanya ujuzi uliopo uwe na bei. Ni pendekezo dogo mbele ya matatizo makubwa ya nchi, lakini angalau lina mtu anayeweza kulitekeleza kesho.

Suala la Safari yenyewe ni gumu zaidi. Mbio za siku hizi si zile za zamani. Zina chini ya kilomita 400 za kushindania, katika njia zilizofungwa zinazozunguka Naivasha, na magari yake yametengenezwa kwa kanuni za kimataifa ambazo mhandisi hawezi kuzibadili kwa sababu ya tope la Kenya. Mkenya wa mwisho kushinda Safari ya ratiba ya dunia alikuwa Ian Duncan mwaka 1994, akiwa na Toyota Celica. Mwaka huo huo Patrick Njiru alimaliza wa nne katika Subaru, jambo lililowafanya vijana wengi Weusi waamini kwamba mchezo huo ni wao pia. Tangu mbio ziliporejea mwaka 2021 hadi 2025, kila mshindi alikuwa dereva wa Toyota kutoka nje ya nchi.

Ushindi huo mfululizo una sauti inayofahamika. Toyota hiyo hiyo ndiyo yenye Probox, gari dogo la mizigo lililozinduliwa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya maafisa wa mauzo mijini. Roret na Litein limekuwa teksi, gari la kubebea maziwa, gari la wagonjwa na la maiti. Hupakia watu kupita kiasi, springi zake za nyuma huongezwa vyuma na mafundi wa mtaani, na kimo chake huinuliwa kwa vipande vya mpira ili lisikwangue mawe. Kwa maneno mengine, fundi wa Bureti analifanyia Probox kile ambacho wahandisi wa Stuttgart walilifanyia 911 mwaka 1978, isipokuwa hana karatasi wala mdhamini, na hakuna anayeandika alichokigundua.

Serikali ikijadiliana na waandaaji wa mashindano hayo, na kampuni za magari zikitaka picha zao mbele ya twiga, kuna ombi ambalo halijapewa nafasi mezani. Kampuni inayoshinda Kenya inaweza kutakiwa kuwa na kituo cha majaribio cha kudumu nchini, ambamo mafundi na wanafunzi wa vyuo vya kiufundi watashiriki kupima springi, bodi na matairi katika barabara halisi za wakulima, na matokeo yake yakamilikiwa kwa pamoja. Porsche, Nissan na Peugeot zilifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika ardhi hii bila ya kuombwa lolote.

Mei 2017 kiwanda cha Porsche kilikamilisha gari la 911 la milioni moja. Joginder Singh, aliyelishinda kwa gari dogo la Mitsubishi, alikuwa amefariki London mnamo Oktoba 2013. Kericho, mji alikozaliwa, ungali na mafundi, matope na malori ya chai, na masika yakifika, vijana wa Roret bado huitwa kusukuma.